Wifi Hakuja Collioure

Arlon, 4 Mei 2025

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Presha imeshuka? Unakula, au bado ni chai na mkate kama mgonjwa wa hospitali? Mimi ni mzima, miguu tu inavimba kwa zamu za usiku. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu: wewe ukiamka, mimi ndiyo nalala.

Donc, sikiliza. Mwezi wa saba kaka yangu Sylvestre atatimiza mwaka tangu atuache. Mwaka mzima umekaa katika nyumba ile ya Ixelles na nguo nyeusi, kazini na kanisani, kanisani na kazini. Nimechoka kukuona hivyo. Nimepata mji mdogo wa bahari, unaitwa Collioure, kusini mwa Ufaransa, unakaribia Uhispania. Kuna kanisa limejengwa majini kabisa, kwa hiyo wewe mtu wa misa huna kisingizio. Twende wawili, wiki moja, mwisho wa mwezi wa saba. Hakuna kupika, hakuna kukimbilia bus, hakuna wazee wa kuogesha. Kazi yetu itakuwa kula samaki na kulala mchana.

Usiseme hapana kabla hujalalia wazo hili.

Ni mimi wifi yako,
Anne-Marie


Ixelles, 11 Mei 2025

Wifi, we mchokozi,

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na presha ipo ipo tu. Nimelalia wazo lako siku saba na sasa ndilo linaloninyima usingizi. Nimefika hadi kutazama picha za mji huo kazini, mpaka bibi mmoja ninayemtunza akaniuliza kama nimepata mchumba.

Lakini nina woga, na wewe ndiye ninayeweza kukuambia. Mimi mtu wa Bukavu nimeolewa katika sheria zenu za Katanga, na nimezishika mwaka huu bila kunung'unika. Sijavaa rangi. Sijaenda kwenye arusi hata moja. Nangoja siku ya kuondoa matanga, wewe unifungue kitambaa hiki cheusi mbele ya watu, maana Sylvestre hakuwa na dada mwingine. Unajua kwa nini siku hiyo ni kubwa kwangu. Sikumzalia kaka yako, na kuna watu kwenu ambao tangu zamani wananiona kama kiti cha kukodi, sherehe ikiisha kinarudishwa. Siku hiyo ndiyo watasema mbele ya wote kwamba nilikuwa mke wake na kwamba ningali wenu. Nikiikosa, hakuna atakayeisema tena.

Basi muulize tonton Kyungu, mjomba wenu mkubwa wa ukoo, tarehe. Mambo ya ukoo haniambii mimi, hupitia kwako. Akishasema, tutapanga safari yetu bila wasiwasi. Na nguo ya kuogelea usinitajie. Nitaingiza miguu, inatosha.

Wifi yako akupendaye,
Émérance


Arlon, 8 Juni 2025

Wifi yangu wa roho,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi sijambo, ila mkuu wetu wa kazi anatupeleka mbio.

Habari njema kwanza. Nimeongea na tonton Kyungu. Ukumbi wa karibu na Chaussée de Wavre umejaa majira yote ya joto, kwa hiyo matanga yataondolewa katikati ya mwezi wa tisa. Tulia. Nimeshachukua vyumba viwili vilivyopakana, dirisha linaangalia maji. Tunatoka Charleroi kwa ndege Jumanne tarehe 29 Julai, tunashuka Perpignan, halafu treni kidogo tu na tumefika.

Utapokea mzigo kwa posta. Ni gauni la manjano, lina maua. Najua utasema nini. Lakini wa kukuvua nyeusi ni nani kama si mimi? Mimi ndiye dada wa marehemu, na mimi nakuruhusu: ukiwa kule, ambako hakuna anayekujua, livae hata nusu saa upate hewa. Tukirudi utajifunga kitambaa chako na mwezi wa tisa nitakufungua kwa heshima zote. Sylvestre mwenyewe hakupenda nyeusi.

Anza kufunga sanduku.

Wifi yako,
Anne-Marie


Collioure, Alhamisi 31 Julai 2025

Wifi,

U hali gani? Mimi nimefika salama tangu juzi, lakini nimefika peke yangu. Uwanjani nilikungoja mpaka wakataja jina langu kwenye kipaza sauti, ndipo nikaona ujumbe wako kwamba utanifuata Jumatano. Jumatano imepita. Chumba chako kiko hapa pembeni, kitanda kimetandikwa vizuri, na kila asubuhi mwenye hoteli ananiuliza dada yangu yuko wapi. Mtoro mkubwa we.

Siwezi kusema mji ni mbaya. Nimelala mchana, kitu ambacho sijafanya tangu nije Ulaya. Pwani ni vijiwe vidogo vinavyochoma nyayo. Hapa wana samaki wadogo wanaowatia chumvi, fahari ya mji wote. Nikamwambia mwenye hoteli kwamba kwetu Bukavu tunao wadogo hivyohivyo, sambaza, tunawakaanga, na ni watamu zaidi. Kesho yake akaniletea wa kukaanga, anionyeshe. Alijitahidi. Kanisani nimemwombea Sylvestre na wewe pia.

Watu wananitazama na nyeusi yangu katika joto hili. Gauni lako bado liko kwenye sanduku. Nangoja mwenye ruhusa aje kwanza.

Barua hii naipitisha kwenye simu, posta itachelewa. Niambie unafika lini.

Wifi yako,
Émérance


Arlon, Ijumaa 1 Agosti 2025

Wifi mpenzi,

Pole sana, nisamehe. Mkuu wa kazi amenikatalia likizo dakika ya mwisho, wenzangu wawili ni wagonjwa. Nimelia. Sasa wewe pumzika kwa ajili yetu sote wawili, usithubutu kurudi kabla ya wiki kuisha.

Nifanyie jambo moja. Vaa lile gauni, shuka majini, umwombe mtu akupige picha, unitumie leoleo. Nikikuona unacheka nitajua safari haikuharibika.

Wifi yako,
Anne-Marie


Collioure, Ijumaa 1 Agosti 2025, jioni

Wifi yangu maskini,

Pole na kazi. Mimi nikadhani labda unaumwa na unanificha.

Bon, nimetii. Picha ndiyo hiyo. Kofia si yangu, ni ya binti wa mwenye hoteli, na aliyenichekesha ni mbwa aliyekuwa anakimbiza mawimbi. Nilivaa kama dakika ishirini, na nitasema kweli, nilijisikia vizuri. Baadaye nikaona haya, nikarudia nyeusi. Uitunze picha hiyo, usimwonyeshe mtu. Mwakani tunarudi wote wawili, na safari hiyo nitakukokota kwa sikio.

Asante, Anne-Marie. Katika ukoo ule mzima wewe peke yako ndiye uliyeniona kama mtu.

Wifi yako,
Émérance


Ixelles, 19 Agosti 2025

Anne-Marie,

Sikuulizi hali.

Jana nilikwenda Chaussée de Wavre kununua majani ya sombe. Nikakutana na Dady, yule kijana anayekodisha viti na kupiga muziki kwenye sherehe za Wakongo. Akanipa mkono kwa adabu, akaniambia: "Mama Émérance, siku ya kilio tulikungoya sana. Wifi yako akatuonesha foto yako kwa bahari. Banamuke bakasema, huyu alishakujitosha kilio ye mwenyewe."

Yaani nimejivua matanga mimi mwenyewe! Nikamuuliza siku gani. Jumamosi, tarehe 2 Agosti, ukumbi uleule uliosema umejaa. Watu walikuwa wengi, akasema, na mtoto wa marehemu aliimba wimbo mzuri sana. Nikamuuliza mtoto gani. Hapo akakumbuka kwamba ameegesha gari vibaya.

Nimekaa na neno hili tangu jana. Umenipandisha ndege ili nisiwepo. Likizo uliyokataliwa hukuwahi kuiomba. Ile picha uliiomba Ijumaa ili Jumamosi iwe mkononi mwako. Nilikuwa nakaa kwenye vile vijiwe nakuombea, na wewe ulikuwa unapitisha simu meza kwa meza, wanawake wa ukoo waone jinsi mjane wa Sylvestre anavyomlilia mumewe kwa gauni la maua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausema tu msemo huu.

Niambie mtoto ni nani. Niambie wewe, nisimsikie tena kwa mwenye viti.

Émérance


Arlon, 24 Agosti 2025

Wifi yangu,

Nakuandikia huku nalia, na sijui nikusalimu vipi.

Anaitwa Élodie, ni msichana wa miaka tisa, mama yake anakaa Liège. Sylvestre aliniapisha nisikuambie. Alisema utaondoka, na hakutaka uondoke. Nilibeba siri hiyo miaka yote ninakuja kula kwako Noeli. Alipokufa, mama wa mtoto akamwendea tonton Kyungu. Tonton akaamua kwamba mtoto ataonyeshwa kwa ukoo siku ya kuondoa matanga, kama sheria inavyotaka, na akanituma nikuandae. Wifi, nilishindwa. Nilikuona umesimama mbele ya watu mia na nyeusi yako, wewe usiyezaa, unaletewa mtoto wa mumeo mkononi. Nikasema bora uwe mbali na upate raha kidogo.

Tonton nilimwambia nimekuandaa na kwamba umechagua kwenda baharini. Watu walipoanza kuuliza uko wapi, niliingiwa na woga, nikatoa picha. Ni woga tu, si ubaya. Damu ni nzito, lakini na wewe nakupenda. Niruhusu nije Ixelles nipige magoti.

Wifi yako daima,
Anne-Marie


Ixelles, 7 Septemba 2025

Anne-Marie,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kilio chako nakiamini. Lakini woga haununui gauni mwezi wa sita. Ulijua watauliza niko wapi, na ukaandaa jibu mapema, ukanivika mimi jibu hilo.

Sylvestre amenidanganya na amekufa, siwezi kumshika shati. Nimemkasirikia usiku na mchana, hata picha yake nimeigeuza ukutani, halafu nimeirudisha. Hayo ni yangu na yeye. Wewe ulikuwa hai. Ulikuwa na miezi mitatu na kalamu mkononi. Ungeniambia, ningelia, ningekutukana, labda ningekufukuza kwangu. Halafu siku ya matanga ningevaa, ningekwenda, ningempokea mtoto wa watu mbele ya hao wote walioniita kiti. Lilikuwa jambo ambalo ningeweza kulifanya vizuri. Umeninyang'anya hilo, na hukuniuliza.

Alhamisi tarehe 28 Agosti nilikwenda Etterbeek kwa tonton Kyungu. Nilimsomea barua yako ya mwezi wa sita yote, pamoja na tarehe ya ukumbi na ruhusa ya gauni. Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya barua. Kisha akasema: "Ile siku bantu balikuya, bakakula, bakarudia. Kilio haikutoka." Matanga yatafanywa upya. Akasema utaitwa, uombe msamaha mbele ya wote, halafu unifungue kitambaa kama ilivyo kazi yako.

Nikamwambia sitaki mkono wako kichwani mwangu.

Akasema hakuna njia nyingine, lazima iwe damu ya marehemu, tena mwanamke, na dada ni mmoja tu. Nikamuuliza kama mtoto mliyemwonyesha tarehe 2 si damu ya marehemu. Mzee alinitazama sana. Akapiga simu Liège palepale.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, mama yake alimleta kwangu. Hatukuongea mengi, mimi na mwanamke huyo. Alikalia ukingo wa kiti, na mimi sikumwambia aegemee. Mtoto ana paji la uso la Sylvestre na anakunja pua kama yeye akionja chai. Aliniuliza kama ninazo picha za baba yake za ujana, kwa sababu yeye anazo za mwisho tu. Tulizitazama mpaka jioni. Sijui kama nitampenda. Nilimwonyesha namna kitambaa kinavyofungwa nyuma na namna ya kukifungua bila kuvuta nywele. Alirudia mara tatu. Ana vidole vyepesi.

Ni Jumamosi tarehe 20, saa nane mchana. Ukoo wote utakuwepo, na hutahitaji kuwaeleza niko wapi. Wewe ni shangazi yake, una haki ya kuja. Nimemwambia Dady akuwekee kiti, safu ya nyuma.

Mjane wa Sylvestre,
Émérance