Karatasi Chini ya Kiti cha Nyuma

Flint, Michigan
3 Oktoba 1998

Mpendwa Dada Nadine,

Hujambo wewe, na magoti hayajambo? Hapa tu wazima, isipokuwa mke wangu. Mapafu ya Connie yanapiga mluzi kuliko birika. Daktari kasema wazi: asikae majira mengine ya baridi hapa. Nataka kumleta huko Tucson kwenye hewa kavu, na sina cha kutuhamisha ila gari la marehemu baba.

Mnunuzi yupo, Bwana Haverkamp wa Ohio. Ana swali moja tu. Hii injini kubwa ya silinda nane, iliagizwa hivyo kiwandani mwaka sabini, au ilitiwa baadaye? Maana gari lililozaliwa nayo ni bei ya nyumba. Lililotiwa ukubwani ni bei ya banda la kuku, hata kama mngurumo ni uleule.

Wewe ndiye mkubwa. Andika maneno mawili kwamba baba aliagiza hivyo, utie sahihi. Usichelewe.

Mdogo wako,
Wendell

Tucson, Arizona
9 Oktoba 1998

Mdogo wangu Wendell,

Magoti yanashukuru kukumbukwa. Connie mpe pole, na umzuie kufagia. Najua wewe humwezi.

Sahihi ninayo, maneno ndiyo sina. Baba aliagiza silinda sita, kwa sababu pochi ilikuwa kwapani mwa mama. Hiyo nane aliing'oa kwenye gari lililokumbatia mti, akaitia mwenyewe gerejini kwetu. Wewe ulikuwa kitandani na surua. Mimi ndiye niliyeshika taa. Nikitikisika kwa baridi ananiambia, "Nadine, unamulika injini au unatafuta panya?"

Mwambie mtu wa Ohio ukweli. Banda la kuku nalo lina paa.

Dada yako,
Nadine

Flint
17 Oktoba 1998

Dada,

Heri kwako. Connie siku hizi analala ameketi.

Unakumbuka watu wa kiwandani walivyochomeka karatasi ya agizo, ile inayoorodhesha kila kitu gari lilichoagiziwa, kwenye springi za kiti, wasihangaike kutafuta pipa la taka? Jana nimeng'oa kiti cha nyuma, na karatasi ipo. Injini kubwa, bila redio, na kipasha joto cha dirisha la nyuma. Nambari ya gari ni yetu yote, isipokuwa tarakimu ya mwisho. Yetu ni nane, yake ni tatu. Najua, si yetu. Jamaa alichomeka mkono ulipofikia, magari yakipita mbele yake, ikaingia ya gari jirani.

Lakini tatu na nane zimeachana kidogo sana, dada. Ni kazi ya kalamu moja. Kipasha joto nitasema baba alikitoa. Haverkamp anakuja mwezi ujao.

Usijibu ukiwa na hasira.

Mdogo wako,
Wendell

Tucson
22 Oktoba 1998

Wendell,

Leo sikuulizi hali, naijua. Weka kalamu chini. Watu hawa wa magari ya zamani wanapekua viti vya wenzao kama wewe unavyopekua friji, utamdanganya nani? Na Connie akipona kwa nyumba ya uongo, utamweleza nini siku atakapokuuliza ilipatikanaje?

Nimekupigia simu. Inaita tu.

Dada yako,
Nadine

Flint
20 Novemba 1998

Dada Nadine,

Natumaini barua hii inakukuta salama na bado unaniita mdogo wako. Simu niliiacha iite kwa makusudi.

Haverkamp alikuja. Alilala chini ya gari muda mrefu, akainuka, akaomba karatasi. Akaisoma amesimama. Kisha akaketi juu ya tairi.

"Bwana Wendell, nani aliagiza kipasha joto cha dirisha la nyuma?"

"Baba."

"Basi walikuwa wendawazimu wawili. Injini ya mashindano, redio hataki, ila dirisha la nyuma lisishike ukungu. Gari la namna hiyo liko bandani kwangu. Karatasi yake nimeitafuta kwenye viti vya watu mpaka mke wangu anasema nimeoa springi."

Akalowesha kidole, akagusa ile nane. Wino ukamfuata.

"Ilikuwa tatu," akasema. "Kama ya gari langu."

Nikamwambia ndiyo. Nilingoja anitukane, ingekuwa nafuu. Akauliza bei ya karatasi. Nikampa bure, pamoja na uchafu wangu juu yake. Alishukuru, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa Jumamosi pale mkahawani tunapoegesha magari yetu, habari zimefika, nikipita wenzangu wanafunga boneti. Hata mnunuzi wa bei ya banda la kuku hayupo. Theluji imeanza. Connie anauliza tunahama lini.

Mdogo wako,
Wendell

Tucson
25 Novemba 1998

Mdogo wangu Wendell,

Hatujambo, mimi na magoti. Cherehani nimeihamishia jikoni, kwa hiyo chumba cha nyuma kiko wazi. Kina kitanda na jua la asubuhi. Mwambie Connie jibu ni wiki hii.

Usilipakie gari kwenye lori. Liendeshe. Mfunike Connie blanketi, na barabara ikiganda mlale njiani. Milima ya New Mexico haiombi karatasi.

Na kwenye vituo vya mafuta watakuzunguka, watakuinamia dirishani, watakuuliza kama injini ni ya kuzaliwa nayo. Wajibu hivi: baba aliitia mwenyewe, dada yangu akashika taa.

Dada yako,
Nadine