Honi Mbili za Mutinda

Mutinda, mwenzangu,

Hata kufa umenishinda. Mtu ameendesha baisikeli kati ya malori tangu tukiwa vijana wa kaptura, halafu anaenda kufia kitandani kwake, kifua tu, bibi ameshika mkono, miguu imefunikwa blanketi vizuri kama ya chifu. Mimi nilikuwa nimeshaambia watu wote hapa Kasikeu kwamba kati yetu wawili wewe ndiye lori itachukua, kwa sababu mimi sishikiki. Sasa wananiangalia tu.

Hii barua naandika mwenyewe, kwa hivyo soma polepole. Shule sikuenda, unajua. Herufi nilijifunza nyuma ya malori yakinipita, ndiyo maana zangu zimelala upande kama zinatoroka. Maneno ya kwanza kusoma maishani yalikuwa WIVU HAUJENGI. Yalinipita yakaniachia vumbi kwa meno. Sikuyasikiliza, kama utakavyoona.

Huku mvua ilinyesha kidogo, ndengu zimetoka, na malori ya kutoka Kitui yanapita kila siku yamebeba mpaka yanainama. Mbuzi yako ile ya pembe moja bado inakula kamba za watu. Mama Mwende, bibi yako, ako sawa. Analia akipika, akimaliza anakula. Kule hoteli ya sokoni sasa wanaletewa maji na kijana wa nduthi, hizi pikipiki. Anafika haraka lakini nusu ya maji anaacha barabarani. Wanakutaja. Kila siku wanakutaja, mpaka nimeanza kunywa chai kwingine.

Lakini kitu inaniuma ni honi.

Unajua honi ninayosema. Zile mbili ndogo, pip pip, kama mtu anabisha mlango wa mgonjwa. Dereva akikuona na mitungi yako ya maji na boshori yako nyekundu, ile kofia ya sufi, alikuwa anapunguza mwendo, anahama kidogo, anakupigia hizo mbili, anapita na upole. Mimi niko nyuma yako na tenga langu la kuku, lami ni hiyo hiyo, jua ni hilo hilo, na napigiwa ile honi ndefu ya kuambia ng'ombe atoke. Siku moja lori ilinipita na upepo wake mpaka kuku wakafika sokoni wamenyonyoka. Mama mmoja akanunua wawili, akasema afadhali, kazi imebaki ya kuchemsha tu. Ulisema huo ni uongo. Wewe ulikuwa mbele, ungeona nini?

Nilikuuliza unawapa hawa madereva nini, dawa ya kutoka Kitui? Ukacheka. Ukasema, "Nzioka, wewe unainua ngumi wakishapita. Mimi nainua mkono kabla wafike. Ukishamshukuru mtu, ataona haya kukukosea."

Na kwa kile kilima chetu ulikuwa unashuka baisikeli, unatoka kwa lami na mzigo wako wote, ndio lori iliyobeba ipite bila kusimama. Ulisema lori nzito ikisimama hapo katikati, kuiondoa tena ni kama kuokoka mara ya pili. Mimi nikakuambia barabara ni ya serikali, na siku ya kura serikali ni mimi. Ati nimshukuru mtu ambaye kazi yake ni kukaa kwa kiti? Mimi, niliyeendesha mpaka Ikutha na beberu amekalia keria akiangalia mbele kama askofu?

Basi tukakuzika. Malori yalijipanga kando ya barabara kutoka kwa kona mpaka kwako, na ulipokuwa unashushwa, yote yakapiga pip pip kwa pamoja. Watu wakalia. Mimi pia nililia, sikufichi, lakini nusu ya hayo machozi ilikuwa ya hasira. Nilikuwa nafikiria mazishi yangu. Nani atakuja? Kuku wachache na wewe. Na wewe sasa hauko.

Baadaye Mama Mwende akanipa boshori yako. Akasema, "Shemeji, vaa, angalau uonekane barabarani." Nikaonekana, Mutinda. Siku ya soko nilifunga tenga langu, nikavuta boshori mpaka kwa masikio, nikainama kama wewe. Lori ya kwanza, pip pip; hata waliokuzika, wakiona hiyo nyekundu mkono unaenda wenyewe kwa honi. Ya pili, pip pip, na taniboi wake, yule wa mizigo, akanipungia. Woi, nilikaa juu ya hiyo baisikeli kama bwana harusi. Nikasema, kumbe ni kofia tu. Miaka yote hiyo nimemwonea mtu wivu na siri ni sufi.

Halafu ikaja lori ya ndengu, ya yule kijana mnene wa Zombe. Alikuwa hajapita huku tangu uugue. Akapiga zake mbili, akaenda mbele kidogo, akasimama. Akashuka na koti ya kung'aa, zile zinawaka taa zikizipiga, mpya, bado iko kwa nailoni. Anakuja akicheka. "Mzee Mutinda, si nilikuambia nitakuletea?"

Nikainua uso.

Cheko ikaisha. "Kwani si wewe ni yule wa kuku? Yule wa matusi? Mzee ako wapi?"

Unanijua. Uongo kwangu haukosi, hata nikiamshwa usingizini niko nao. Lakini hapo nilitafuta hata mmoja, sikupata. Nikasema, "Tulimzika."

Yule kijana mkubwa hivyo akakaa chini, kwa mawe, na nguo zake safi. Akasema, "Mzee, hii barabara yote watu wanatutukana. Askari anatusimamisha, wenye gari ndogo wanatuwashia taa, wewe unatuonyesha ngumi. Yeye peke yake ndiye alikuwa anatusalimia. Nikiona hiyo nyekundu kwa kilima, nilikuwa najua nimefika kwa watu."

Mimi nilikuwa naangalia hiyo koti. Nisikudanganye. Nilikuwa naomboleza na jicho moja, na lingine liko kwa koti. Nikajua sasa atasema, mzee, basi chukua wewe.

Akasema, "Nionyeshe kaburi."

Tukaenda. Akafungua nailoni, akavalisha msalaba wako hiyo koti, akafunga vifungo vyote mpaka juu kama anatayarisha mtoto wa shule. Kisha akarudi kwa lori yake akipangusa macho na kiwiko. Mutinda, wewe huna mahali unaenda. Umelala. Na umevalishwa koti ya kung'aa, na mimi niliye hai napita kati ya malori na sweta ya rangi ya udongo.

Nimekuja hapo mara nyingi kuiangalia. Sijaigusa. Na ndiyo maana hiyo boshori nimekurudishia, iko hapo juu ya msalaba, umeiona. Hizo honi zilikuwa zako, zikipitia kwangu kama barua ya jirani. Mama Mwende anasema tangu uvae hivyo ndege wanakuogopa, wameacha mtama wake. Hata chini ya mchanga bado unafanya kazi. Mimi nani atanipa kazi nikikufa?

Sasa sikia, na usicheke.

Nimeanza kuinua mkono. Na kichwa changu, bila kofia ya mtu. Lori ya kwanza ilinipita kama nafukuza mbu. Ya pili dereva alifikiri naomba lifti, akatingisha kichwa. Kwa kilima nimeshuka, nimesimama kwa miiba na tenga langu, kuku wananiangalia kama mzee amerukwa na akili. Nikainua. Vumbi. Nikainua tena. Mkono unachoka, Mutinda. Hukuwahi kusema mkono unachoka.

Jana yule wa Zombe alikuwa anarudi. Nilimsikia akipanda, amebeba, lori inalia. Nikashuka kwa lami mapema. Nikainua mkono kabla afike. Aliniangalia vizuri, akiwa amekunja uso kama anasoma bei. Akanipita. Nikasema basi, hata huyu.

Alipofika pale juu, akapiga pip.

Moja. Nilingoja ya pili mpaka kuku wakaanza kulalamika. Haikuja. Wewe ulikuwa unapata mbili na ulikuwa hata hugeuki kuangalia, na mimi kwa moja nilisimama hapo kwa miiba nikilia kama mama wa bibi harusi.

Lala, ndugu yangu. Usiniombee huko ulipo, na usiende kunong'oneza madereva kwa ndoto. Nakuahidi nitashuka kwa kilima kila siku nikiwa bado na miguu, na mkono nitainua hata ukiwa wa kushikiliwa. Hiyo moja nimeipata mwenyewe. Ya pili naitafuta. Siku nitaipata nitakuja hapo kwako nikae chini nijisifu mpaka jua lizame, na wewe, kwa mara ya kwanza, hutaweza kusema ni uongo.

Ni mimi,
Nzioka wa kuku