Neno Lililobaki Kwenye Nukuu

Jumamosi, Lushoto. Ukungu umekaa tangu asubuhi, na manyunyu ni yale yasiyolowesha wala yasiyokuacha ukauke. Watu wote wamejifunga mashuka. Mimi nimevua sweta, maana leo nina joto langu mwenyewe.

Shajara, kaa vizuri. Nina habari, na nikiikalia nitapasuka.

Wanaonisoma hapa bloguni wanaujua ugonjwa wangu: lile jukwaa la wakulima wa matunda mtandaoni. Humo naitwa Pichesi Bivu, na kwa kuwa hakuna anayeona sura, wanaume wazima na ndevu zao huniita "mkuu". Sijawahi kuanzisha mada hata moja. Kazi yangu ni kunukuu. Mtu akiandika jambo, nalibonyeza, maneno yake yanakaa juu ndani ya kisanduku, nami nakaa chini na kisu changu, namjibu sentensi kwa sentensi. Kuna mmoja alishaniambia, "Mkuu, unanukuu kama wakili wa upande wa pili." Nikamnukuu na hilo.

Basi, Alhamisi mkulima wa Mlola aliuliza kwa nini mapeasi aliyoyabebesha yanakauka. Akajibiwa na mwanachama anayejiita Mkimya Tu, mtu wa maneno machache, ambaye alishawahi kusema anafanya kazi kwenye kitalu cha miche huko Njombe. Aliandika: "Kata Sayuni asubuhi mapema, ifunge kwa nailoni, usikaze. Sayuni ikipigwa na upepo kabla hujaifunga, umekwisha."

Hapo kwenye kukaza nikaona nina ugomvi naye. Nikanukuu. Nilikuwa nimeshaandika mistari kadhaa ya ubishi ndipo macho yakarudi juu kwenye kisanduku.

Sayuni.

Kwa asiyejua kubebesha: unakata kijiti kwenye mti wenye matunda mazuri, unakiunganisha kwenye shina la mche mwingine. Zamani bwana shamba alipokuja kumfundisha baba, kile kijiti alikitaja kwa Kizungu, "scion". Baba, mwimba besi wa kwaya, akasikia Sayuni. Alifurahi mno, akaona kumbe hata wataalamu wanamcha Mungu. Tangu hapo nyumbani kwetu kijiti ni Sayuni. "Lete Sayuni." "Funika Sayuni, jua hilo." Bwana shamba mwenyewe hakuwa na ubavu wa kumsahihisha. Nimezunguka vitalu vya hapa mpaka Soni, sijamsikia mtu mwingine anayesema hivyo.

Watu wanaolisema neno hilo ni baba, mimi na kaka yangu Elia.

Elia hatujamwona miaka mingi. Baba alikuwa amelazwa, mama alikwisha tangulia mbele za haki, na malori ya Dar es Salaam yalikuwa yanasomba kabichi kama hayana akili. Elia akaikata mipichesi yote ya baba apande kabichi. Alidhani anaokoa nyumba. Baba aliporudi alisimama ukingoni mwa shamba, akatazama visiki, akasema aliyekata miti yake asile kwake. Elia akashuka Mombo na begi moja. Namba yake ikazima. Baba hamtaji, nami nimejifunza kutomuuliza, ingawa mwaka uliofuata alianza kupanda upya na kila akifunga mche hunung'unika kwamba kazi hii inataka watu wawili.

Kwa hiyo nilifanya jambo nisilowahi kulifanya humo. Nilifuta ubishi wangu wote. Nikaiacha nukuu yake kama ilivyo, chini yake nikauliza swali la mtoto: "Mkuu, Sayuni ndiyo nini?"

Wenzangu wakapata pa kuchekea. "Mgosi, umetoka ibadani na kisu cha kubebeshea?" mmoja wa huku kwetu alimwandikia. Jana asubuhi Mkimya Tu akajibu: "Nilikosea kuandika. Nilimaanisha kikonyo." Nikapanda juu kulitazama bandiko lake la kwanza. Amelihariri. Sayuni zote zimeondolewa, vimekaa vikonyo, jina la kijiti la vitabuni, safi kabisa.

Lakini kwenye kisanduku changu zimo!

Ukishanukuliwa umenukuliwa, kaka. Unaweza kufagia kwako, kwangu huingii. Mtu aliyekosea herufi anacheka anapita zake, harudi kufuta kila mahali. Aliyefuta hivi ni mtu aliyeogopa kujulikana. Nikaukalia mfuko wa mbolea.

Nikiri hapa: jana nzima niliogopa. Nikimwita kwa jina, anaweza kuifunga akaunti na kupotea tena, na safari hii aliyemfukuza nitakuwa mimi. Nikikaa kimya, nimempoteza vilevile. Na pia nina hasira naye, nisijifanye malaika. Aliniachia baba peke yangu.

Leo baada ya chai nikanukuu tena, nikaandika: "Mkuu, si kosa. Kwetu baba alilisikia hivyo kwa bwana shamba, na hakuna aliyethubutu kumwambia." Nikataka kutuma. Kidole kikakataa. Humo jukwaani hakuna salamu, watu wanavamiana tu. Lakini huyu alinibeba mgongoni, na tangu nianze kusema sijawahi kumsemesha bila kumwamkia kwanza. Milimani huku ukimpita mkubwa wako kavukavu, habari inafika nyumbani kabla yako. Nikaongeza: "Shikamoo, kaka."

Nikatuma. Nikamwagilia viriba vya miche ya wateja wetu, ambavyo mvua ilikuwa inavimwagilia.

Jibu limekuja mchana. Amenukuu, na yeye amejifunza kukata. Maneno yangu yote kayaondoa, kabakiza "Shikamoo, kaka." Chini yake ameandika:

"Marahaba, Kibibi. Baba bado hataki kuniona?"

Kibibi. Jina hilo sijaliandika popote mtandaoni, hata hapa. Wenzangu jukwaani sasa wanaulizana kama sisi wawili tumelewa, na mimi nalia kwenye miche ya watu.

Nikakimbia kwa baba bandani, akiwa anafunga miche ya plamu. Nikamsomea. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akataka kujua maneno yapi ni ya Elia na yapi ni ya kwangu, maana ananifahamu. Nikamwonyesha: la kisandukuni ni langu, la chini ni lake. Ikabidi nimweleze na habari ya lile neno, jinsi lilivyoandikwa likafutwa.

"Kwa nini alifute?" baba akauliza. "Si ndilo jina la kijiti?"

Vita ya kumsahihisha si ya leo.

Alifunga mche mmoja hadi mwisho, akakata nailoni kwa meno. Nikadhani ndiyo basi tena, tumerudi kwenye kutomtaja. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwambie aje na koti. Baridi ya mwaka huu ni mbaya."

Nikaanza kuchapa hapo hapo. Baba akanyoosha shingo kuelekea kwenye simu.

"Na usiongeze maneno yako."

Kwa hiyo niko hapa, shajara. Nimelinukuu swali la kaka lote, sijakata hata herufi. Ninayo mengi ya kumwambia, mengine matamu, mengine ya kumchapa nayo, nayo yatasubiri afike. Chini ya swali lake nimeandika: "Baba anasema uje na koti. Baridi ya mwaka huu ni mbaya."

Nimeyasoma tena nione kama nimeongeza kitu. Sijaongeza. Nimetuma.