Nyanya Zilizopakwa Wanga

Kapsoit, 3 Machi 1955

Kwa Baba mpendwa,

Barua hii ikukute ukiwa na nguvu za kuishika. Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza mapema, na majani ya chai yanachipuka hadi wachumaji wanashindwa.

Najua ni miaka minne tangu uondoke kwenye harusi yangu kabla ya chakula, na tangu siku hiyo hujaniandikia hata mstari mmoja. Lakini Tata Wamuyu, dada yako, ameniandikia kwamba tangu Serikali iwahamishie kwa lazima kwenye hicho kijiji chenye handaki na walinzi, ufizi wako unatoka damu na meno yanalegea. Anasema daktari wa misheni amesema ni kukosa mboga na matunda mabichi, na huko hamna.

Baba, nyuma ya nyumba yangu kuna nyanya nyingi kuliko tunavyoweza kula. Leo nimepeleka kreti moja stesheni ya Kipkelion, lije kwa gari la moshi hadi Karatina. Kula zote, usigawe.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Tata anasema karani wenu lazima asome kila barua, na za Kiswahili zinapita upesi.

Mtoto wako,
Wacera

Karatina, 29 Machi 1955

Wacera,

Salamu. Mimi nipo.

Kreti lilifika baada ya siku kumi na tisa. Lilikuwa linachuruzika maji mekundu, na inzi walifika kabla yangu. Karani, bunduki begani, aliniambia nilibebe mwenyewe nikalitupe. Niliona moja yenye upande mzima, nikaishika, kidole kikazama ndani. Watu walikuwa wanatazama.

Usitume tena. Kutoka huko mpaka huku ni mbali, na nyanya si mawe. Wewe ulichagua mfua nguo wa Wazungu, tena Mkipsigis, si wa kabila letu, basi kaa naye. Jumapili jino moja limetoka nikiwa katikati ya sala. Nimelizika nyuma ya nyumba.

Danson Ndung'u

Kapsoit, 8 Mei 1955

Baba mpendwa,

Habari ya siku nyingi? Hapa tuko salama, isipokuwa moyo wangu.

Barua yako niliisoma kwa sauti bila kufikiri. Johana wangu alikuwa anapiga pasi, na kwa sababu ni Kiswahili alisikia kila neno. Nilimwangalia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Siku kumi na tisa?"

Nikasema ndiyo.

Akaenda dirishani, akarudi na nyanya moja mkononi. "Hii ulinifungia na chakula wiki mbili zilizopita," akasema. "Iliniponyoka ikaanguka kwenye beseni la wanga, pale ninapochovya kola za mashati. Nikaiweka dirishani ikauke, nikaisahau. Ishike."

Baba, ilikuwa ngumu. Ngozi imetanda kama ya jana. Niliikata, na harufu yake ikajaa nyumba. Mimi nimelima tangu nikiwa mtoto nikikufuata nyuma, na sijawahi kuona jambo kama hilo.

Wanga wa dukani una bluu ya kung'arishia nguo, si ya kuliwa, kwa hiyo nilikataa kukutumia. Johana akasema tutengeneze wetu. Tulikwaruza viazi, tukakamua kwa kitambaa, tukaacha maji yatulie mpaka unga mweupe ukaketi chini ya sufuria. Tukaupika uwe uji mwepesi, tukauacha upoe, tukachovya nyanya na kuzianika kivulini. Mara ya kwanza uji ulikuwa mzito, ukakauka ukapasuka kama matope ya kiangazi. Mara ya pili ulikuwa mwepesi mno. Mara ya tatu tulichovya moja na kuacha nyingine vilevile, tukaziweka pamoja juu ya kabati. Siku ya kumi na sita ile ya kawaida ilikuwa imekunjamana na kuanza kuvuja. Ya Johana ilikuwa inang'aa. Jirani yetu Tecla alikuja kuangalia, akatoka akarudi na mama yake.

Leo nimetuma sitini. Nimezichuma zikiwa zimeanza tu kupata wekundu. Ukiona ngozi inateleza, usiogope, ni kiazi tu. Osha kwa maji ya vuguvugu.

Najua ulisema nisitume.

Mtoto wako,
Wacera

Kapsoit, 12 Juni 1955

Baba,

Natumaini u hai. Hata Tata hajajibu. Kama zimeoza, niambie tu zimeoza. Johana kila jioni anapita posta kabla ya kuja nyumbani, anasema ni njia yake. Si njia yake.

Wacera

Karatina, 24 Juni 1955

Kwa Johana Chepyegon,

Habari yako na ya nyumba yako. Mimi leo naweza kusema ni mzima, na neno hilo sijalitumia muda mrefu.

Kreti lilifika tarehe thelathini na moja Mei. Siku ishirini na tatu njiani. Karani aliniita kwa mbali, ameziba pua tayari. Akafungua kifuniko kwa nyundo, kisha akabaki ameinama hivyo hivyo. Nikajua zimeoza tena. Akasema, "Mzee, njoo uone."

Zilikuwa nyekundu zote. Tatu tu ndizo zilikuwa zimepondeka. Nyingine zilikaa kwenye nyasi kavu kama zimechumwa asubuhi hiyo, na umande. Karani aliomba ruhusa kushika moja. Mtu mwenye bunduki, ameniomba ruhusa. Wanawake waliacha majembe wakaja. Bibi mmoja alinusa, akalia, akasema hiyo ni harufu ya shamba lake. Walizipokezana kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kanisani.

Wacera alisema nisigawe. Nilitoa kumi na mbili, kwa wale wenye vinywa kama changu. Zilizobaki nilikula moja asubuhi na moja jioni. Sikuandika mapema kwa sababu nilitaka kuwa na hakika. Damu imekoma. Jana nilitafuna hindi la kuchoma, polepole, lakini nilitafuna.

Siku ya harusi niliwaambia watu kwamba mikono ya kufua haiwezi kulisha binti yangu. Nilisema mbele yako na ulisikia, na hukunijibu hata siku moja. Mikono hiyo imenilisha mimi. Naomba unisamehe. Mzee akiandika neno hili mbele ya karani, ujue limetoka mbali.

Wamama hapa wamepata viazi vichache na wanataka kujaribu kutengeneza wanga kama wenu, ila hawajui maji kiasi gani. Usimwachie Wacera aandike. Niandikie wewe.

Ni mimi baba yenu,
Danson