Mashini Iliyodhani Leo ni Mosi Januari

Nakivale, Isingiro,
Uganda.
Jumapili, 10 Machi 2013

Mpendwa Mama Mdogo Mariette,

Nakusalimu kwa jina la Yesu. Habari za huko Norwei, na kifua kimepona? Sisi hatujambo. Mama bado anaumwa goti, lakini mahindi ameyapalilia yote, na mvua imeanza vizuri.

Unajua vitabu vyetu vya nyimbo vilibaki kwetu milimani tulipokimbia vita. Mwaka mzima sasa, nikitoka shuleni, Mzee Muhirwa wa kanisani huniimbia nyimbo za zamani kutoka kichwani mwake, nami naziandika katika kompyuta ya kanisa. Zimefika mia moja themanini na sita. Hazikuwa na nakala popote, na mzee ameanza kusahau.

Majuzi Baba aliipeleka kompyuta Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwa fundi Déo, aiwekee mfumo mpya, yaani ile programu kuu inayoiendesha. Huko iliwaka vizuri, Baba aliona kwa macho yake. Akaipakata mapajani ndani ya gari mpaka kituo cha Rwekubo, kisha kwa bodaboda mpaka hapa. Tulipoiwasha kanisani ilionyesha picha yake ya kwanza, vidoti vikatembea, ikakwama. Tukazima, tukawasha. Vilevile.

Wengine walisema ni mashimo ya barabara. Mzee Muhirwa alikaa kwenye benchi la kwaya akiimba polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe ajue ni wangapi bado anao.

Jumatano Baba alimpigia Déo, akanipa simu kwa kuwa mimi ndiye nisomaye Kiingereza. Déo aliniagiza nibonyeze kitufe cha Esc. Mama Mdogo, ile picha iliondoka kama pazia, na nyuma yake kulikuwa na maneno meupe. Mashini haikuwa imekufa. Ilikuwa imeuliza swali, na sisi hatukuliona. Ilisema diski yake ilitumika mara ya mwisho katika siku ambayo bado haijafika, ikauliza ifanye nini.

"Inasema leo ni siku gani?" Déo akauliza.

"Tarehe moja Januari 2002. Iko hivyo kila asubuhi."

"Kila asubuhi? Na hukuniambia?"

Nikamweleza kweli. Nilidhani ndiyo tarehe iliyoandikishiwa, maana kwenye karatasi zetu za ukimbizi Baba, Mama, Mzee Muhirwa na mimi, sote tumezaliwa mosi Januari. Déo alicheka mpaka akakohoa.

Mzee Muhirwa naye akasema, "Basi na yeye ni mukimbizi. Balikosa siku yake, bakamupa ya siye bote."

Kumbe ndani mna betri ndogo ya mviringo inayotunza saa umeme ukikatika. Yetu ilikufa zamani. Kila jioni tukichomoa nyaya za sola, mashini inasahau, na kesho yake inaanza tena mosi Januari. Mfumo wa zamani haukujali. Lakini Kakoba kuna intaneti; mfumo mpya ukapata tarehe ya kweli, ukaiandika kwenye diski. Iliporudi kwetu, mashini iliona jana yake iko miaka kumi na moja mbele, ikaogopa kuendelea.

Déo aliniongoza kitufe kwa kitufe mpaka mahali pa tarehe. Nikaandika 6 Machi 2013. Vidoti vikatembea, vikapita. Nyimbo zote zilikuwemo. Mzee aliniambia nihesabu tena, nikahesabu.

Bado nastaajabu. Kitu chenye akili kiasi kile kilisimama kwa kutojua leo ni lini. Mpaka betri mpya ifike, napita kanisani kila asubuhi kuiambia tarehe. Nyimbo nimezinakili kwenye flashi mbili. Moja Mzee anaivaa shingoni. Ningependa kujifunza kazi ya Déo, ila usimwambie Mama bado.

Sasa tuko kwenye wimbo wa mia moja themanini na saba, ule mliokuwa mkiimba wewe na Mama mkikama ng'ombe. Mzee ana beti mbili tu. Mama amebaki na sauti bila maneno. Nimeacha nafasi ya mistari minne chini ya ubeti wa pili. Ukiikumbuka hata nusu, niandikie.

Nisalimie Joël na Pascaline. Baba, Mama na Mzee Muhirwa wanakusalimu. Mungu akufunike kwenye baridi hiyo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mutesi