Mtu Aliyenishika Mikono

Jumatatu, 3 Machi

Uji nimekunywa nusu. Vidonge nimemeza. Ndinda amenikalisha dirishani, akarudi kwenye cherehani yake. Binti yangu ana subira kuliko nilivyostahili.

Nimeficha jambo tangu nitoke hospitalini. Daktari ameshasema moyo wangu hautatengenezeka tena, kwa hiyo naliandika. Niliwaambia madaktari kwamba sikumbuki chochote cha zile siku za ICU. Wanangu niliwaambia hivyo hivyo. Nilidanganya. Nakumbuka. Kulikuwa na mtu aliyenishika mikono.

Sikuweza kusema. Mpira ulikuwa umepita kooni, mashine ikinipumulia. Kila nilipotaka kuung'oa, huyo mtu alikuwepo, ananikamata na kunirudisha kitandani. Ananitisha. Uso wake sikuuona sawasawa, ulikuwa kama uko nyuma ya maji. Mikono naikumbuka. Sauti naikumbuka zaidi.

Nilinyamaza kwa kuogopa kuitwa mwendawazimu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hadi nilipostaafu. Najua anavyotazamwa shahidi asiyeaminika.

Jumanne, 4 Machi

Mutua alikuja kuniogesha. Mwanangu huyu huendesha lori la mkate. Akimaliza kusambaza hupitia hapa Jericho kabla ya kwenda kwake Dandora.

Leo tena nilimponyoka. Aliponishika tu kifundo cha mkono, mwili wote ulikakamaa, nikapiga kelele. Beseni likapinduka nusu. Ndinda akinishika siogopi. Mutua akinishika naogopa. Mwanangu mwenyewe. Sielewi, na naona aibu.

"Baba, kwani nimekukosea nini?"

Nikasema maji ni moto. Yalikuwa vuguvugu. Alitia vidole ndani ya beseni, akanitazama, akapangusa sakafu, akaenda. Chai hakunywa.

Alhamisi, 6 Machi

Sista Achieng amepiga simu. Ni muuguzi wa utafiti pale hospitalini. Wanatafuta njia bora ya kuwahudumia wagonjwa mahututi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliofuatiliwa. Mutua ndiye aliyeweka sahihi, kwa kuwa mimi sikuwa wa kuulizwa. Huyu sista hupiga kuuliza kama nalala vizuri, kama natembea, kama kuna ndoto mbaya. Huwa najibu: vizuri, kidogo, hakuna. Jibu la katikati tu ndilo la kweli.

Keshokutwa anakuja mwenyewe. Nimeamua kusema. Ikiwa kuna mtu anaingia mle na kuwatesa wagonjwa, basi sasa hivi kuna mwingine amelala chini ya mikono yake. Mimi nakufa hata hivyo. Waniite watakavyo.

Mutua hakuja leo. Ndinda anasema kaka yake anaona ananichosha tu. Niliona afadhali aliposema haji. Kisha nikajichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepanga ushahidi wangu.

Mtu yule alizungumza Sheng, ile lugha ya mitaani. Sheng ya vijana wa kizimbani, wale niliokuwa nikiyageuza maneno yao yamfae hakimu. Wizi wa simu, wizi wa mabavu, visu. Sentensi moja naikumbuka neno kwa neno, maana kazi yangu ilikuwa kukumbuka neno kwa neno: "Buda, wacha ufala. Tulia. Ukinitoka saa hii nitakuzaba."

Ndivyo wanavyomwita mzee yeyote, buda, hata wanapompora. Ufala ni upumbavu; kuzaba ni kupiga kofi.

Ndani ya nyumba hii lugha hiyo haijawahi kusemwa. Niliipiga marufuku. Watoto walisema Kiswahili sanifu au Kikamba, na aliyekosea alirudia sentensi yote. Marehemu mama yao aliniambia nimezidi. Lakini nilishinda na mabaya yake mchana kutwa kazini. Sikutaka inifuate mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Sista Achieng alikuja. Mfupi, mcheshi, viatu vya raba. Akakataa kiti kizuri akaketi kwenye stuli ya Ndinda.

Nilisema yote.

Hakushtuka. Alisema wagonjwa wengi wa ICU huona na kusikia mambo. Ni ugonjwa wenyewe na dawa za usingizi, si wazimu. Mmoja aliona nyoka darini. Mama mwingine aliamini yuko ndani ya gari moshi na wauguzi ni makondakta, akawa anadai chenji yake. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo kiasi hicho. Siyo wazimu. Nilimfanya alirudie neno hilo.

Kisha nikasema: sawa, nyoka ni ndoto. Lakini yule mtu alikuwa mtu.

"Ni kweli alikuwa mtu, mzee," akasema.

Akanieleza utafiti ulikuwa wa nini. Kwa kawaida mgonjwa anayevuta mpira hufungwa mikono kwa bandeji, na kuongezewa dawa alale. Wao walitaka kujua kama kuna njia ya upole zaidi. Kwa hiyo kwa kura, baadhi ya wagonjwa walipunguziwa dawa na kuachwa bila kufungwa, na mtu wa nyumbani akaruhusiwa kuketi kando, kumshika mikono na kumsemesha kwa lugha inayotoka moyoni. Kura yangu iliangukia huko.

"Aliyeketi kando yako ni mwanao. Hatukumruhusu mwingine."

Nikamwambia haiwezekani. Mwanangu hasemi hivyo. Nilimlea mimi.

Akavuta stuli karibu. "Tulimwomba aongee anavyoongea."

Alininywesha maji. Baadaye, kwa kuwa nilitaka kumpa kitu badala ya ule uongo wote wa kwenye simu, nilimwambia hivi: mahakamani shahidi hutaja jina lake kwanza, kila anapopanda kizimbani, hata kama jana alipanda. Waambieni jamaa za wagonjwa wafanye hivyo. Kila wanapogusa mkono, jina kwanza. Aliyelala pale hajui nani ni nani. Aliandika. Alisema atalipeleka kwa wenzake walijadili. Hakuahidi zaidi, nikapenda kwamba hakuahidi.

Jumapili, 9 Machi

Miguu imevimba. Pumzi fupi. Sikwenda kanisani.

Mutua hakuja. Ndinda aliniambia, akidhani ananichangamsha, kwamba tangu nilazwe kaka yake hana hadithi nyingine pale kwenye maegesho ya malori. Jinsi alivyonishika. Jinsi nilivyomminya kidole mpaka kikawa cheusi, naye hakukitoa. Anakionyesha kile kidole kwa watu. Na mtu huyo nimempigia kelele kama mwizi ndani ya bafu langu.

Naogopa kumwambia. Lile ndilo jambo analojivunia, na mimi nitalichukua. Lakini nikifa leo atabaki na ule uongo wa maji ya moto.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia.

Ndinda alimpigia, akamdanganya kwamba nimezidiwa. Alikuja na sare ya kazi, unga kwenye nywele. Nilimketisha, nikasema bila kupamba: ile sauti ya hospitalini niliisikia. Niliidhani ya jambazi. Kila unaponishika, mwili unamkumbuka jambazi. Si wewe unayechukiwa.

Akakitazama kile kidole chake. Nilifikiri nimemvunja.

"Ngoja. Yaani jambazi ni mimi?"

"Ni wewe."

"Ulisikia nikisema nitakuzaba?"

"Na ufala nilisikia."

Alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakawa yanatikisika. Sikujua ni kilio au ni nini mpaka Ndinda alipopasuka kucheka mlangoni, na yeye akapasuka, na mimi nikaanza kukohoa.

"Haki Baba nisamehe. Nilidhani hunisikii! Nilikuwa naogopa. Mashine inalia, wewe unavuta mpira, na kile Kiswahili chako kilikataa kabisa kutoka."

"Wewe jambazi," Ndinda akamwambia, "mletee mzee taulo aoge."

Nikamwomba ataje jina kwanza. Akasimama wima kama yuko kizimbani, akainua mkono mmoja. "Mutua wa Kioko. Dereva. Nakushika mkono sasa, buda." Mwili ulishtuka. Kisha ukatulia. Aliniogesha mpaka katikati ya vidole vya miguu. Maji yalikuwa vuguvugu, nikamwambia ni mazuri.

Alikunywa chai vikombe viwili. Nimefurahi kama mtu aliyeachiliwa huru na mahakama. Nililala kabla hajaondoka.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki sana. Mkono mzito. Hakuna maumivu.

Sista Achieng alipiga. Aliuliza maswali yake nami nikajibu yote kwa kweli. Nalala. Sitembei tena. Ndoto, moja tu, na ilikuwa ya marehemu mke wangu akichagua maharagwe.

Mutua huja kila jioni. Nimeondoa marufuku. Anitajie jina, kisha aseme atakavyo. Kwa hiyo anasema. Barabara ya Jogoo, askari wa trafiki, mwenye duka wa Umoja anayebonyeza kila mkate kama anaupima homa. Maneno mengine siyajui, yamebadilika tangu nitoke kazini. Namsimamisha, ananifafanulia, kisha anachekelea matamshi yangu. Mwanangu ni mtu wa mzaha. Anaiga sauti za watu. Leo aliniiga mimi, nikimsahihisha alipokuwa mdogo, na Ndinda akaacha cherehani ili asikilize.

Kwa Kiswahili sanifu alikuwa akinijibu ndiyo Baba, hapana Baba, asante Baba. Nilidhani ni heshima. Nilidhani ndivyo alivyo, mtu asiye na mengi.

Jumanne, nilipokuwa namweleza kwa nini sikumtambua, nilisingizia dawa. Nilisema ni homa, ni ule mpira, ni kichwa kilichovurugika. Yeye amekubali. Hapa naweza kuliandika lilivyo. Sauti ile ilikuwa wazi kabisa. Sikuitambua kwa sababu tangu mwanangu azaliwe nilikuwa sijawahi kuisikia.