Picha ya Meza Yetu

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeiweka kabatini kama ile ya kwanza? Nakujua. Sisi ni wazima. Mimi bado nipo duka la dawa, nasimama kutwa mpaka nyayo zinawaka moto. Kasuku, mwanangu na mwanao, anarefuka tu, na hilo jina ulilompa kwa domo lake limemganda hata shuleni.

Nina habari, ila usicheke kabla hujafika mwisho. Jumamosi shuleni kwao kulikuwa na maonyesho ya picha. Watoto wamechora, wazazi tununue, fedha ziende kwa kikundi cha maigizo na kwaya. Mwaka jana maskini waliigiza mbele ya shuka mbili zilizoshikanishwa kwa pini, na katikati ya mchezo pini ikaachia. Kasuku ni mwigizaji, kwa hiyo nyumbani hatukupumua: pazia, pazia, pazia.

Madawati yalisukumwa ukutani na picha zikaning'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mlangoni kila mtu alipewa namba yake ya siri. Ukiipenda picha unaandika namba yako na bei kwenye karatasi iliyo chini yake, na anayetaka kukupiku anaandika bei ya juu zaidi. Mwalimu wa sanaa alisema wamefanya hivyo ili watu wasioneane haya. Mimi nilipewa tisa.

Nikazunguka, nikakuta watu wamekusanyika pembeni wanacheka. Nikachungulia. Dada, ilikuwa meza yetu! Kitambaa ni kilekile chenye alama ya pasi. Mwanamke kakaa huku, mwanamume kule, wamepeana migongo, na katikati kasimama msichana mwenye mdomo mkubwa, maneno yanamtoka pande zote mbili. Kulia anasema, baba, mama anasema chumvi imekwisha. Kushoto anasema, mama, baba anasema ataileta. Chini ameandika: Chakula cha Jioni.

Bwana mmoja alicheka mpaka akafuta machozi, akasema mtoto huyu ana kipaji. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nikawaza jambo moja tu, niinunue na kuificha kabla shemeji yako hajatoka karakana akaja kuiona. Nikaandika bei nzuri, nikaenda kujifanya naangalia vikapu vilivyokuwa vikiuzwa nje. Niliporudi, namba ishirini na mbili keshanipita. Nikapandisha. Naye akapandisha. Nikamshuku yule bwana wa machozi, nikamkata jicho la haja. Kengele ya kufunga ilipokaribia kulia nikaandika bei ambayo mpaka leo inanitia baridi.

Mwalimu wa sanaa akapanda juu ya dawati, akatangaza kwamba picha moja imenunua pazia zima, na kwamba imekwenda kwa namba tisa. Akaomba na ishirini na mbili ajitokeze, tupigiwe makofi wote wawili. Nikatoka upande wa mlango. Upande wa madirisha akatoka shemeji yako, na ovaroli lake la grisi, ameshika kikaratasi chake. Watu wakaangua kicheko, mume na mke wanapandishiana bei! Kasuku peke yake hakucheka. Alisimama karibu na ubao akitutazama, mara huyu, mara yule, kama anayesubiri kutumwa.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mimi na shemeji yako tulikuwa hatusemezani tangu mwanzo wa mwaka. Chanzo ni hiyo pasi. Nilisema yeye ndiye aliyeiacha juu ya kitambaa, akasema ni mimi, neno likaleta neno, kisha kila mmoja akanuna akingoja mwenzake aanze. Mengine yote tulimbebesha mtoto. Zile salamu za shemeji yako nilizokuandikia katika kila barua nilizitunga mwenyewe. Hata ile pole ya goti. Unisamehe, dada, niliona aibu.

Pale mbele za watu aliniinamia sikioni, akaniuliza nilikuwa naitakia nini picha ile. Nikamwambia sikutaka aione. Akasema naye hakutaka mimi niione. Machozi yalinitoka, sikujali nani anatazama.

Pesa zote sikuwa nazo, tukachanga. Tukarudi kwa miguu, Kasuku mbele kaibeba picha kichwani. Njiani akageuka, akaniuliza kama nina la kumwambia baba yake. Nikamjibu kwamba nikiwa nalo nitamwambia mwenyewe. Alikwenda hatua chache, nikamsikia anaimba.

Picha tumeitundika palepale juu ya meza. Nani aliunguza kitambaa, hilo bado hatujakubaliana.

Mchezo wao ni mwezi ujao, goti likikuruhusu uje uone pazia letu. Kasuku anakuamkia. Shemeji yako anakusalimu sana na anasema hiyo dawa uitoe kabatini. Hii sikuitunga, dada. Amesimama nyuma ya kiti changu, na ameniambia niandike.

Mimi mdogo wako akupendaye.